Pilipili nyekundu ya kusaga: kinu hakiwezi kurekebisha kilichoharibika juani

MamaNgege (Kasese)

Salamu kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Huu ni mwaka wa 11 nachoma samaki hapa Kasese mjini, magharibi mwa Uganda. Ngege wangu hutoka Katwe na Kayanzi, chumvi ni ya hukohuko ziwa Katwe, lakini pilipili kwa miaka mingi nilinunua iliyokwisha kusagwa. Makaa yanawaka, watu wamesimama wanasubiri, muda wa kusaga unatoka wapi? Nilikuwa natazama rangi tu. Ikiwa nyekundu, napimiwa, nalipa, naondoka.

Mwaka juzi, mvua za Septemba zikiwa zimeshika, nilichukua kilo 5 kwa muuzaji wa jumla. Ilikuwa nyekundu ya kuvutia macho. Siku ya tatu dereva mmoja wa lori, mtu anayevuka mpaka wa Kongo pale Mpondwe kila wiki na hali kwingine ila kwangu, alinirudishia sahani ikiwa na nusu ya samaki. Akaniambia taratibu ili wengine wasisikie: "Mama, pilipili yako siku hizi haiwashi, inasaga meno."

Usiku ule sikupata usingizi. Mtu akila kwako amekukabidhi tumbo lake.

Asubuhi nikatia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, nikaiacha itulie. Pilipili ya kweli huelea kwanza, kisha hushuka polepole, na maji hayabadiliki sana. Yangu ilizama palepale. Chini pakakaa tope zito la rangi ya tofali, nilipolisugua kwa kidole likakwaruza, na maji ya juu yakawa mekundu kama juisi. Kilo zote zilizobaki nikazimwaga chooni. Nilizokwisha kuwalisha watu ningezirudishaje?

Nikamtafuta mama mmoja upande wa Bwera ambaye amelima pilipili kichaa tangu ujana wake. Nilimwuliza anatumia kinu gani. Akanijibu, "Kinu kije mwisho. Kwanza nionyeshe utakapoanika." Siku zile zote nilizokaa kwake, mambo ya kusaga tuliyazungumza jioni moja tu. Siku nyingine zote zilikuwa za kuchuma na kuanika, na leo najua kwa nini.

Yeye huchuma iliyoiva mwili mzima, nyekundu mpaka shingoni. Yenye kijani upande mmoja anaiacha mtini siku mbili tatu zaidi, kwa sababu ile sehemu ya kijani ikikauka hugeuka nyeupe au kahawia, na unga wake hupauka. Hachumi asubuhi umande ukiwa bado juu ya majani. Anasubiri saa nne, saa tano, mpaka pilipili ziwe kavu kwa nje. Hukohuko shambani anatenga: iliyotobolewa na mdudu, iliyopasuka, yenye doa laini jeusi, haziingii kikapu kimoja na nzima. Anasema moja iliyooza ikilala usiku na wenzake, asubuhi zinakuwa kumi.

Kichanja chake ni cha miti, kimo cha kiuno. Juu amelaza wavu wa nailoni alioununua mpya. Siyo chandarua cha kulalia, jamani, naomba mnisikie vizuri hapa, maana nimeona watu wengi wakianika chakula juu ya vyandarua vikuukuu. Vile vina dawa ya kuua mbu, na dawa ile haina kazi kwenye pilipili yako. Anatandaza safu moja, zisipandane, upepo upite juu na chini. Anazigeuza mara nne kwa siku. Jua likilegea tu anazikusanya na kuziingiza ndani, kwa sababu umande wa usiku mmoja unaweza kufuta kazi ya siku mbili.

Huku bondeni kwetu jua halina huruma, kwa hiyo kichaa hukauka siku 5 hadi 7. Zile ndefu zenye nyama huchukua muda zaidi, na hizo yeye huzipasua katikati kabla ya kuanika.

Kujua kama zimekauka, chota konzi moja uitikise karibu na sikio. Mbegu zilie ndani kama manyanga. Halafu kunja moja. Ikikunjika kama ngozi, irudishe juani. Ikivunjika kwa sauti, imekwisha.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ndogo: kutoa vikonyo, kutwanga kwenye kinu cha mti, kuchekecha, na makapi kuyarudisha kinuni. Unga unaotoka siyo ule wa kung'aa niliouzoea. Una wekundu uliotulia, unaoelekea kwenye rangi ya machungwa au kahawia, na ndani unaona vipande vidogo vya njano, ndizo mbegu. Nilipomletea yule dereva, alikula samaki mzima, akaomba na ya kufunga kwenye karatasi aende nayo Beni.

Nimeandika kwa sababu mama yule alinitaka nisikae nalo peke yangu. Na nyinyi mlioko Kampala, Arua, Mbale, Luwero, mnafanyaje huko kwenu?

---

Mpwani_Kampala

Asante sana mama. Mimi ni mtu wa Tanga, niko hapa Kampala mwaka wa sita. Kabla hatujaenda mbali naomba tuweke majina sawa, maana nimeteseka nayo. Nilipofika nilikwenda soko la Nakasero nikaomba pilipili hoho, nikitaka ile kubwa isiyowasha ya kutia kwenye wali. Mzee mmoja wa Kinubi kutoka Bombo, anayejua Kiswahili cha zamani, akanipa nyekundu kali. Kwake yeye hoho ni ile inayowasha! Baadaye niliona kwamba hata kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza pilipili hoho kuwa ni pilipili nyekundu kali. Ni sisi tulioligeuza jina.

Kwa hiyo kwa wanaosoma: kichaa ni ile ndogo iliyosimama wima kwenye mti, kali sana. Mbuzi ni ile ya mviringo iliyokunjamana, yenye harufu kama ya tunda. Ndefu nyembamba ndiyo ambayo dunia nzima husaga na kuiita cayenne. Na Waganda wakisema kaamulali wanamaanisha pilipili kali. Ukilijua neno hilo moja hupotei sokoni.

Jambo jingine ambalo hunigusa kila nikilifikiria: mmea huu siyo wa kwetu wala siyo wa Wahindi. Asili yake ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya 1492 hapakuwa na mtu Afrika, India wala Ulaya aliyewahi kuuonja. Wareno ndio walioubeba katika meli zao. Neno pilipili lilikuwapo pwani tayari, lakini lilikuwa jina la ile nyeusi, pilipili manga. Mgeni mwekundu alipofika akapewa jina la mwenyeji. Leo ukisema pilipili bila kuongeza neno, kila mtu anaona nyekundu.

---

MamaNgege (Kasese)

Ndugu yangu Mpwani, hilo la Amerika sikulijua. Mama wa Bwera anaamini ndege ndio walioleta pilipili kwao, kwa sababu huota zenyewe kando ya shamba bila mtu kupanda.

---

Mwl_Kemia (Mbale)

Na mama wa Bwera amesema kweli yake. Ndege hula pilipili kichaa wala haimwashi. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini, na mlango wa neva wa ndege haukipokei. Mnyama kama panya akila huungua, tena angezitafuna zile mbegu na kuziua. Ndege humeza mbegu nzima, akaenda kuziangusha mbali. Ndiyo maana pilipili za porini ni ndogo, nyekundu, zimesimama juu ya majani ili ndege azione.

Nafundisha sekondari, na hili ni somo ambalo wanafunzi hawasinzii. Ule mlango wa neva unaopokea kapsaisini ndio huohuo unaopokea joto la kuunguza, kuanzia nyuzi 43 hivi. Ubongo unapata habari moja: moto. David Julius, Mmarekani, aliutambua mlango huo mwaka 1997 kwa kutumia hiyo kapsaisini, na mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa hiyo mtu akisema pilipili "inaunguza", hatii chumvi.

Nirekebishe jambo moja linalorudiwa sana, kwamba ukali uko kwenye mbegu. Ukali uko kwenye ule utando mweupe uliozishika mbegu. Mbegu huwasha kwa sababu zimegusana nao.

Kuhusu kipimo: mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, aliyeyusha pilipili kisha akaizimua kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie tena ukali. Kiasi alichozimua, yaani maji ya sukari ni mara ngapi ya pilipili, ndicho kikawa kipimo. Ndefu nyembamba ya kusaga ni kama 30,000 hadi 50,000. Kichaa huanzia 50,000 na kuvuka 100,000. Mbuzi inaweza kufika 350,000. Mchomaji anayebadilisha aina bila kubadilisha kijiko anawaumiza watu.

Mama, kile kipimo chako cha glasi ni kizuri kwa tofali na kwa rangi inayoyeyuka majini. Ongeza kimoja: tone la iodini ya duka la dawa juu ya unga wa pilipili. Ukiona buluu iliyokolea au nyeusi, kuna unga wa mahindi au muhogo ndani. Lakini kuna rangi za viwandani, zile za jamii ya Sudan, ambazo huyeyuka kwenye mafuta tu. Kwenye glasi ya maji hutaziona. Ni rangi za kutia kwenye nta na mafuta ya mashine, hazikukusudiwa tumbo la mtu, na zinahofiwa kuleta saratani. Mwaka 2003 zilikamatwa Ulaya ndani ya pilipili ya kusaga, na mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya vyakula kwa sababu ya mchuzi mmoja uliotiwa pilipili ya namna hiyo. Kwa hizo hakuna kipimo cha jikoni. Kilichobaki ni kumjua anayekusagia, au kusaga mwenyewe.

---

BabaWawili (Luwero)

Mama, shikamoo. Ninalima ekari moja na nusu ya pilipili kichaa. Nimesoma maelezo yako yote na nakuheshimu, ila hilo la kichanja siwezi kukubaliana nalo moja kwa moja. Sisi huku tunaanika kwenye turubai chini, wengine kando ya lami, wengine juu ya mabati. Zinakauka haraka kuliko kwenye wavu. Babu zetu walianika kwenye mwamba na hawakufa. Kutengeneza vichanja vya ekari moja na nusu ni gharama, na mnunuzi akija hanilipi zaidi kwa sababu nilitumia kichanja. Analipa kilo.

---

MamaNgege (Kasese)

Marahaba mwanangu. Nimekusikia, na la gharama sikubishii.

Ila tuongee. Mwamba wa babu yako ulikuwa msafi, na alianika ungo mmoja wa kula nyumbani. Leo kando ya lami pilipili inapokea vumbi la matairi, moshi, mikojo ya mbuzi na mchanga. Ule mchanga hautoki kwa kupepeta, unasagwa pamoja. Dereva wangu angekwambia. Mabati nayo yanachoma: pilipili inageuka nyeusi upande mmoja na ndani ina maji bado. Unaigusa unasema imekauka. Unaifunga kwenye gunia. Wiki mbili baadaye unafungua gunia, harufu ya uvundo inakupiga.

Na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Lile vumbi la kijivu au la kijani linaloota ndani ya pilipili isiyokauka vizuri, watu huliosha au hulifuta, halafu husaga. Likishasagwa halionekani tena, rangi nyekundu inafunika kila kitu. Mtu mwenye pilipili mbichi iliyooza hawezi kukudanganya, lakini kwenye unga anaweza. Ndiyo maana nimesema kinu hakirekebishi kitu.

---

Mwl_Kemia (Mbale)

Nashikilia hapo alipoachia mama. Hilo vumbi ni kuvu, na baadhi yake hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, au aflatoksini. Ni ileile tunayoiogopa kwenye karanga na mahindi. Huharibu ini, na mtu akiila kidogokidogo kwa miaka inaweza kumletea saratani ya ini. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kwa sababu inastahimili moto kuliko kuvu chenyewe. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu zote katika kilo moja ya pilipili kavu, na ile kali kuliko zote, B1, isizidi 5. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Hapo utaona ni kidogo kiasi gani kinachotosha kurudisha shehena nzima.

BabaWawili, kaka, kama mnunuzi wako anapeleka nje, siku moja atapimiwa. Na pilipili mbichi za Uganda tayari zimepata shida Ulaya mara nyingi kwa sababu ya kiwavi wa nondo anayejificha ndani. Kavu iliyoanikwa vizuri ni mlango ambao tusiufunge wenyewe.

---

Kipepeo_Arua

Mimi naomba kuuliza kwa uchungu kidogo. Mnasema jua, jua. Huku West Nile mvua ikianza Aprili inatusindikiza hadi Novemba, na pilipili haingoji Desemba ndipo iive. Msimu uliopita nilipoteza karibu nusu ya mavuno. Zilikuwa zimefika siku ya nne juani, mawingu yakakaa siku tatu mfululizo. Niliziingiza jikoni juu ya moto zikanuka moshi, mnunuzi akazikataa zote, hata zile nzuri. Nilikaa nazo chini nikalia. Kuna mtu ana njia?

---

MamaNgege (Kasese)

Pole sana dada. Hiyo nimeionja mara moja, najua inavyouma.

Njia ninayoijua ni ya kibanda cha nailoni. Unajenga kichanja chako kama kawaida, kisha juu unaweka nguzo nyepesi na kufunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, ile ya vitalu vya miche. Chini upande mmoja unaacha wazi hewa iingie, na juu upande wa pili unaacha tundu la kutokea hewa yenye unyevu. Watu wengi husahau hilo tundu la juu. Bila hilo umejenga chungu cha kuchemshia, maji yanadondoka kutoka kwenye nailoni na kurudi juu ya pilipili. Likiwepo, hata siku ya mawingu ndani kuna joto kuliko nje. Hazitakauka upesi, lakini hazitaoza. Na mvua haizigusi.

Jambo la pili, panda kwa vipindi. Gawanya shamba, usipande lote siku moja, ili zisikuivie zote katikati ya Agosti.

Na zile za moshi, dada, usizitupe. Kuna watu wanazitafuta hasa kwa ule moshi wake. Mimi mwenyewe kwa nyama ya mbuzi ningezinunua. Ila ziuze kwa jina lake, mwambie mtu: hizi zimekaushwa kwa moshi.

---

Jirani_wa_Tembo (Rubirizi)

Wazazi na ndugu, mnazungumzia pilipili ya chakula, mimi naomba niongeze ile ya ulinzi. Sisi tumepakana na hifadhi ya Queen Elizabeth. Tembo akiingia kwenye mahindi usiku mmoja, msimu umekwisha. Pua ya tembo ni kali ajabu na pilipili anaichukia. Tunasaga pilipili kavu, hata zile chakavu, tunachanganya na oili chafu ya magari, tunapaka kwenye kamba na vitambaa tulivyozungusha shamba. Oili husaidia mvua isiioshe haraka. Wengine huchanganya pilipili ya unga na kinyesi cha tembo mwenyewe, wanafinyanga matofali, wanayakausha. Jioni upepo ukielekea porini wanayawasha, yanatoa moshi usiku kucha. Njia hii ilianzia Zimbabwe miaka ya 1990, ikaenea nchi nyingi zenye tembo.

Haizuii kila tembo. Wako madume wazee wanaojifunza. Na kamba lazima ipakwe upya, ukichoka wiki mbili wanajua. Lakini nimeona kwa macho yangu kundi likifika kwenye kamba, likasimama, likanusa, likageuka. Shamba langu la ukingoni ni pilipili tupu, kwa sababu tembo hali pilipili. Mahindi yako ndani.

Kwa hiyo kaka wa Luwero na dada wa Arua, zile mnazozitenga kwa sababu zina doa, kuna mtu huku anazihitaji.

---

BintiBwera

Jamani mimi shida yangu ni mashine. Nimekausha vizuri, kilo 12, nimezipeleka kwa mwenye mashine ya posho, akanikatalia mbele za watu. Anasema mwaka jana alimsagia mtu pilipili, aliyefuata akasagiwa unga wa uji wa mtoto. Mtoto alilia usiku kucha. Sasa kilo 12 nitazitwanga kwa mchi hadi lini?

---

MamaNgege (Kasese)

Binti yangu, huyo mwenye mashine ana haki kabisa, usimkasirikie. Mashine iliyosaga pilipili haiwezi kusaga chakula cha mtoto baada yake. Mimi nilielewana na mmoja hivi: ananisagia mara moja kwa mwezi, jioni, nikiwa wa mwisho. Nikimaliza napitisha pumba za mahindi kilo 3 au 4 kusafisha, namlipia na hizo, kisha pumba nazimwaga. Asubuhi anapitisha tena pumba zake kidogo, anazionja kwa ulimi kabla ya kumpokea mteja wa kwanza. Ukiweza, kusanyikeni watatu wanne mnunue kinu cha mkono cha chuma kiwe cha pilipili peke yake. Ndiyo suluhisho la kudumu.

Siku ya kusaga jikinge. Funga pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowa, simama upepo unakotoka, watoto wakae mbali. Mwenye pumu asiwepo kabisa. Mikono ikiwaka, maji peke yake hayasaidii kwa sababu ule ukali hauyeyuki majini. Pakaa mafuta ya kula kwanza, sugua, ndipo sabuni. Na usiguse jicho wala kumshika mtoto mchanga hadi umeosha hivyo mara mbili.

Jambo moja zaidi: usisage kilo zote 12. Pilipili nzima kavu kwenye chombo kilichofungwa, mahali pa giza, inakaa mwaka ikiwa na nguvu zake. Ikishasagwa, mwanga unakula rangi na hewa inakula harufu. Mimi nasaga ya mwezi mmoja tu. Zile pakiti za shilingi 500 zinazoning'inia dukani juani miezi sita zimebaki vumbi.

---

Mpwani_Kampala

Mama, na kwenye kupika? Mimi kila nikitia unga wa pilipili kwenye mafuta, nyumba nzima inakohoa na mchuzi unakuwa mchungu.

---

MamaNgege (Kasese)

Unaitia mafuta yakiwa moto sana. Unga wa pilipili ni mwembamba, unaungua kwa kufumba na kufumbua, na ukiungua unakuwa mchungu. Kaanga kitunguu chako, tia nyanya kwanza, nyanya ikishatoa maji ndipo tia pilipili. Ukali utaingia kwenye mafuta polepole na kuenea chungu kizima. Kwenye sosi ya karanga mimi naitia mwisho kabisa, karanga zikishaanza kutoa mafuta juu.

Kwa samaki wa kuchoma, siipaki kabla ya moto. Chumvi ndiyo inayotangulia, saa nzima kabla. Pilipili nachanganya na mafuta kidogo na ndimu, napaka samaki akiwa amebakiza dakika mbili tatu. Kwa muchomo wa mbuzi wengi huweka pilipili na chumvi kavu kando ya sahani, mtu anachovya mwenyewe kadiri yake. Hiyo naipenda zaidi, kwa sababu hakuna anayelazimishwa. Na mtu akizidiwa msimpe maji wala soda. Mpeni maziwa, au bongo, yaani maziwa ya mgando, kama ipo.

---

BabaWawili (Luwero)

Mama, nimerudi baada ya wiki tatu. Sikuweza vichanja vya shamba zima, lakini nilitengeneza viwili, urefu wa hatua kumi kila kimoja, kwa miti ya shambani. Gharama ilikuwa wavu na misumari tu. Nusu nikaanika huko, nusu kwenye turubai kama zamani, ili nione mwenyewe.

Za kichanja zilichukua siku 8, za turubai siku 7. Kwa hiyo kwa haraka, turubai imeshinda. Lakini nilipozichambua, kwenye turubai nilitoa karibu debe zima la zenye weusi na zenye ukungu ndani, hasa zile zilizokuwa katikati ya rundo. Kwenye kichanja nilitoa konzi kama tatu. Nilisaga kilo moja ya kila upande nikazitia kwenye glasi mbili, kama ulivyoeleza. Ya turubai iliacha mchanga chini. Mke wangu aliangalia glasi ile, akaenda jikoni kimya, akalimwaga kopo letu la pilipili lililokuwa juu ya kabati.

Mnunuzi alikuja Jumanne. Kama nilivyosema, alilipa kilo, bei ileile. Ila zile za kichanja amezitia kwenye gunia la peke yake, akaniuliza nitakuwa na ngapi mwezi ujao.

Swali langu: huo wavu, mvua ikiunyeshea naweza kuuacha nje au niukunje?

---

MamaNgege (Kasese)

Ukunje mwanangu. Uoshe kwa maji ya sabuni, uuanike ukauke, ndipo uutandaze tena. Utomvu wa pilipili za mwanzo ukibaki juu yake, kuvu huanzia hapo. Na msalimie mkeo sana.